Sauti Uliyoituma Msibani

Atuganile Kibona,
Sogea, Tunduma,
Mkoa wa Songwe.

4 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Lusubilo,

Pokea salamu zangu kutoka huku mpakani. Natumaini barua hii itakukuta mzima na yale mafua ya baridi yamekuachia. Unakula vizuri? Yule mama wa jikoni chuoni, uliyesema anakuongezea wali kwa siri, bado yupo? Mwambie dada yako wa Afrika anamshukuru. Mimi sijambo kwa kiasi. Ubavu unanisumbua nikicheka au nikipiga chafya, kwa hiyo siku hizi nachagua cha kuchekea.

Huku mahindi mapya yameanza kuingia, na malori yamepanga foleni hadi yanatuzibia mlango wa ofisi. Kazi yangu ni ileile ya kupima sumukuvu kabla mzigo haujavuka kwenda Zambia. Juzi mama mmoja mfanyabiashara wa Nakonde alinigombeza kwa Kibemba na Kiingereza kwa sababu nilikataa mahindi yake. Kisha akaona ninavyoinuka kitini nimejishika ubavu, akaniuliza nani amenipiga. Kesho yake akaniletea chikanda, kile chakula chao cha mizizi na karanga.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu ninayo na bando ninalo. Sauti za kwenye simu zimetutosha, Lusubilo. Nimeshatoka kwenye grupu la familia, na sitarudi. Watu husema ukiandika kwa mkono hasira inapungua. Yangu haijapungua. Nakuambia mapema kwamba nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu wa damu yangu, na barua hii utaisoma hadi mwisho.

Uliambiwa kwamba kwenye mazishi ya kaka yako kulitokea fujo kidogo. Shangazi Ikupa ndiye aliyekuambia hivyo, alitaka ufanye mitihani kwa utulivu, na mimi nikakubali kunyamaza. Mitihani imekwisha. Haikuwa fujo kidogo. Watu walitaka kumzika babu Yesaya angali hai, ndani ya kaburi la Shadrack, juu ya jeneza lake, na walikuwa wameshaanza kumfukia. Babu yetu, Lusubilo. Mzee aliyewalea wewe na Shadrack tangu wazazi wenu walipofariki.

Nianze na kifo chenyewe, maana najua hata hicho ulipewa nusu. Kaka yako hakufa usingizini wala hakuugua. Alikuwa Saza, kwenye duara, shimo walilokuwa wanachimba dhahabu yeye na wenzake, na mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Ukuta mmoja wa shimo ukaachia. Raphaeli, jirani yetu wa Isansa, alikuwa juu anavuta kamba, akaona kamba imelegea. Wachimbaji waliruka wakaanza kufukua kwa mikono kwa sababu waliogopa kumkata kwa chepe. Raphaeli alifukua hadi kucha zikang'oka. Walimpata amesimama, mdomo umejaa udongo mwekundu, mikono miwili juu ya kichwa. Ilibidi wamvunje bega ndipo aingie kwenye jeneza. Nimekuandikia hivyo kwa sababu Raphaeli aliyaona hayo yote, na kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpiga babu.

Sasa umbea. Unakumbuka Januari babu alimgombeza Shadrack pale bombani mbele ya watu? Alimwambia asishuke shimoni masika, kwamba ardhi ikilowa itammeza. Mzee yeyote mwenye akili angesema hivyo. Lakini ardhi ilipommeza kweli, maneno yale yakageuka. Wakakumbuka kwamba wewe ulipanda ndege Agosti, na kaka yako ameingia ardhini Machi. Wakasema mmoja ametolewa ili mwingine afike Marekani. Wakakumbuka kwamba mibuni ya babu mwaka jana haikupata ugonjwa wa chulebuni, wakasahau kwamba alipuliza dawa na wao walimcheka akibeba bomba mgongoni. Wakakumbuka hata kwamba yeye si wa pale, ni Mndali aliyetoka Itumba kuja kuchuma kahawa akiwa kijana. Ameishi Isansa tangu kabla baba zetu hawajazaliwa, mwe, na siku ile akawa mgeni.

Hata hivyo umbea ulikuwa bado ni umbea. Watu walinong'ona jikoni na kwenye pombe, lakini asubuhi ya mazishi walikuja, wakamsalimia babu kwa heshima, wakampa mkono wa pole. Vijana walichimba kaburi pembeni mwa mibuni kama anavyochimbiwa mtu yeyote. Kwaya iliimba. Babu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kaburi, amevaa koti lake la harusi, kofia magotini. Nilikaa nyuma yake. Nakuapia, ile siku ingeweza kuisha salama.

Kisha Emanueli, aliyekuwa anashika maiki, akasoma historia fupi ya marehemu, akasema sasa tunapokea salamu za msomi wetu kutoka Marekani. Hakuwa ameisikiliza kwanza. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye grupu asubuhi hiyohiyo, na kwa akili yake kitu kilichotoka Marekani hakihitaji kukaguliwa. Akaweka simu kwenye maiki. Watoto wakanyamazishwa.

Nitakuandikia maneno yako kama yalivyotoka kwenye spika, maana pengine umeyasahau. Ulisema: “Babu, umemfanya nini kaka yangu? Ulimwambia ardhi itammeza, na imemmeza. Wazee mpo hapo, vijana mpo hapo, mnamtazama tu? Msimwache. Nawaambia, msimwache.” Halafu ukalia. Kilio chako kilikwenda mpaka barabarani.

Najua ulikuwa na uchungu. Najua ulikuwa peke yako chumbani, mbali, huna wa kukushika. Ninayaelewa yote hayo na bado nina hasira.

Aliyeinuka wa kwanza alikuwa Raphaeli, kucha zake zimefungwa vitambaa. Akapiga kelele, “Mmesikia! Msomi mwenyewe amesema!” Akakipiga teke kiti cha babu. Mzee akaanguka kifudifudi, na kabla hajageuka wakawa wamemjia. Nilisikia mpini wa chepe ukigonga mguu wake, nikasikia mfupa ukiitika. Mwingine alimpiga usoni na jiwe, na jicho la kushoto likafunga palepale, na halijafunguka tena hadi leo. Dina, yule wa kwaya, aliyekufundisha nyimbo za Sunday School, alivua kiatu akawa anampiga nacho kisogoni, sare ya kwaya imemkaa vizuri kabisa. Alikuwa analia huku anapiga.

Babu hakupiga kelele. Alikuwa anaita jina la bibi yetu, na bibi amefariki siku nyingi.

Walimburuta kwa miguu, ule uliovunjika na ule mzima. Jeneza la Shadrack lilikuwa limeshashushwa kaburini. Wakamtupa mzee juu yake, kifuniko kikapasuka. Mtu akasema aende na huyo aliyemtoa kafara. Ndipo Tabita, mjane wa kaka yako, aliyetakiwa kutupia udongo wa kwanza kwa desturi, akautupia. Aliutupia usoni mwa babu. Baada ya hapo machepe yakaanza.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo habari ya chuo inapoingia.

Kabla ya msiba uliniandikia kwamba unataka kuhama. Ulisema umechoka, kila wiki ni somo la utumwa, kila wiki ni waliouawa, na wewe umekwenda kusoma uhandisi wa maji. Ukasema siku ya matembezi ya darajani ulijifanya tumbo linauma, ukabaki bwenini, kwa kuwa wafu wale si wa kwenu. Sikukujibu kwa sababu na mimi mwaka wangu wa kwanza hapohapo nilitaka kutoroka. Unakijua chuo chetu. Kimejengwa na watu weusi waliotoka utumwani, matofali walifyatua wenyewe, na kila ukipiga kona kuna mtu anakukumbusha. Siku niliyofika mama mmoja wa ofisini alinikumbatia akaniambia karibu nyumbani. Nilinuna. Nyumbani kwangu ni Isansa, nilikuwa nimetoka juzi tu, begi langu lilikuwa bado linanuka kahawa.

Kisha wakaniuliza lile swali lao, watu wako ni akina nani? Sijui kama wewe wameshakuuliza. Hawataki kabila, hawataki nchi, wanataka majina. Mama yako nani, bibi yako nani, alikuwa anajua kufanya nini. Wenzetu wale majina yao yakirudi nyuma kidogo yanakatika, kwa sababu mbele ya hapo babu zao waliandikwa pamoja na ng'ombe wa mtu. Nilipoanza kutaja watu wetu, babu Yesaya na baba yake na baba wa baba yake, wote wakanigeukia. Kuna kijana alitokwa na machozi. Hapo ndipo nilipojua kwamba nina kitu, na kwamba nilikuwa sikijui.

Lakini kilichonigeuza ni daraja. Wakati wetu aliyetupeleka alikuwa Profesa Ernestine, mama mzee mwenye mguu mbovu na ulimi mkali. Kwenye chuma cha daraja lile zamani kundi la Wazungu lilimnyonga mtoto wa mpishi wa chuo, na watu wakapiga picha wakaiuza kama kadi. Profesa anaitoa picha, halafu anamfunika marehemu kwa kiganja. Anasema huyu atawaliza bure, waangalieni hawa wengine. Ndipo unawaona. Wamevaa za kanisani. Baba mmoja amempandisha mtoto mabegani aone vizuri. Msichana anacheka. Gazeti la siku ile liliandika kwamba kijana ameuawa na watu wasiojulikana. Profesa akatema mate mtoni. Akasema huyu alikuwa anauza nyama, huyu mwalimu, huyu alicheza na marehemu wakiwa wadogo, hawajulikani na nani? Raha ya kundi ni kwamba halina jina, alisema. Ukimwita mtu jina lake anakumbuka kuwa ana mama.

Nilikaa chini palepale darajani. Nilikuwa nafikiria redio ya nyumbani. Nimeisikia tangu utoto ikisema fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kisha unafuata wimbo.

Basi siku ile Isansa nilikuwa nimeshikwa mikono na wanawake wawili walioniambia nisiingilie. Udongo unaingia kaburini, nausikia unavyogonga ubao, halafu unagonga nguo, ile sauti ya pili ni nyingine kabisa. Nikaziona nyuso. Nguo za kanisani. Kulikuwa na baba amempandisha mtoto mabegani, Lusubilo, haki ya Mungu. Nikamng'ata mmoja wa wale wanawake hadi akaniachia, nikaruka.

Niliangukia miguu ya babu, akatoa mlio ambao sitaki kuukumbuka. Nikamlalia. Nikamfukua uso, nikamtoa udongo mdomoni kwa vidole, maana alikuwa ameshaanza kukoroma. Machepe hayakusimama. Nikasimama mimi, mguu mmoja huku, mmoja huku, juu ya jeneza la kaka yako, nikaanza kuwaita.

Sikuomba. Sikusema jamani, sikusema kwa jina la Yesu. Nilitaja majina. “Emanueli! Emanueli mtoto wa mzee Haonga, shati hilo ulilovaa ulinunuliwa na babu siku ya kipaimara cha mdogo wako! Dina! Dina wa sauti ya kwanza, mama yako alipofariki nani alilala kwenu akichunga moto? Tabita! Tabita mke wa Shadrack! Mtoto wako aliposhikwa degedege, nani alimbeba akakimbia naye mpaka zahanati bila viatu?” Nilikuwa natapika udongo huku naita. Niliowajua wote niliwaita, na ninawajua wengi.

Usidhani walisimama kwa pamoja. Nilipomwita Raphaeli alinipiga na chepe hapa ubavuni, mbavu zikaenda. Nikaanguka, nikainuka. Nikamwita tena. “Raphaeli mtoto wa Fortunata! Mama yako yupo nyuma yako, mgeukie akuone!” Kweli mama Fortunata alikuwa amesimama pale na khanga mdomoni. Alikuwa hajasema neno hata moja tangu mwanzo. Aliposikia jina lake likitajwa mbele ya watu, alikwenda akamzaba mwanawe makofi mpaka damu ikamtoka puani, akamnyang'anya chepe, akasema, “Sikukuzaa ili jina langu litajwe makaburini!” Raphaeli akakaa chini akaanza kulia. Aliona aibu, na aibu yake ndiyo iliyomwokoa babu.

Tabita ndiye aliyeshuka kaburini kunisaidia kumwinua. Mikono yake ilikuwa na udongo uleule.

Lakini kaburi lilikuwa dogo na watu walikuwa wengi, na wale wa nyuma hawakusikia majina yao. Wakaenda nyumbani kwa babu. Walichoma nyumba, pamoja na godoro mlilolalia wewe na Shadrack. Mbwa alikuwa amefungwa uani, wakamuua kwa nyundo. Wakaikata mibuni mmoja baada ya mwingine, wakichagua ile mikubwa kwanza, na sauti ya mapanga niliisikia nikiwa nimemlaza babu kwenye mkokoteni. Askari walipofika walifyatua risasi hewani, watu wakakimbia. Jioni tukamzika Shadrack tukiwa wachache, kwenye kaburi lenye damu ya babu yake. Hakuna aliyeimba.

Babu sasa yuko Itumba, kwa shangazi Ikupa. Mguu umeungwa vibaya kidogo, atatembelea fimbo. Jicho halitarudi. Usiku anaamka anajipangusa uso kama mtu aliyemwagiwa kitu, na shangazi amezoea kumwachia taa. Mchana anakaa uani anatazama mibuni ya watu. Kila nikienda ananiuliza lini nitamrudisha kwake. Hataki kufia Itumba, alikotoka kijana. Anataka Isansa, kando ya bibi.

Nimekwenda Isansa mara kadhaa kuuliza. Wazee wamesema mlango uko wazi, wengi wanaona aibu, wawili watatu wameshapanda miche mipya kwenye shamba lake bila kuambiwa. Lakini wapo wengine, na wana neno moja tu, na kila nikijaribu kulijibu wananirudishia lilelile. “Hata mjukuu wake aliyeko chuo kikuu alisema.” Hawasemi mimi nimesoma chuo hichohicho. Ujumbe wako umesambaa, wanao kwenye simu zao, wanausikiliza sokoni. Wewe ndiye ushahidi wao, Lusubilo. Mzee hawezi kurudi kwake mpaka wewe useme vingine.

Julai tutaweka msalaba kaburini kwa Shadrack. Spika itakuwa ileile, na Emanueli amekubali kushika maiki, sharti tu asikilize kwanza. Nataka sauti yako. Sitaki ya kuomba radhi kwa jumla, kwamba kama kuna niliyemkosea. Mtaje babu kwa jina. Taja maneno uliyosema, sema ni uongo, sema Shadrack aliuawa na mvua na shimo lisilo na nguzo. Wataje na wao kama unawajua, wasikie mtu wa mbali anajua walikuwepo.

Ila kabla hujashika simu, nenda darajani. Usingoje matembezi ya chuo, nenda mwenyewe. Omba picha uifunike kwa kiganja kama nilivyokuambia. Mtafute aliyeanza. Katika kila kundi yupo mmoja aliyekuwa na uchungu wa kweli akasema msimwache, halafu labda akarudi nyumbani akala chakula cha mchana. Mtazame usoni mpaka umjue. Baada ya hapo, ukitaka kuhama chuo, hama, sitakuzuia. Mimi nilikwenda pale nikitafuta shahada ya kilimo, na shahada ninayo, iko ukutani ofisini. Lakini siku nilipoingia kaburini sikuwa na kitu kingine mkononi isipokuwa alichonipa yule mama mwenye mguu mbovu.

Sasa salamu. Shangazi Ikupa anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Tabita anakusalimu, anakuja Itumba na uji kila akipata usafiri, anakaa mbali kidogo na babu, na babu anamwambia asogee. Mtoto wake ameanza kusema jina lako. Mama Fortunata anakusalimu pia. Raphaeli yuko mahabusu na wenzake, mama yake anampelekea chakula na hamsemeshi.

Babu nimemwacha mwisho. Siku askari walipokuja hospitalini kuandika maelezo yake, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Walikuwa na ule ujumbe. Wakamwambia mzee, aliyeyasema maneno haya naye ana kesi ya kujibu, popote alipo. Wakaupiga, wote, mpaka kilio. Wakamuuliza, hii ni sauti ya nani?

Huyu ni mtu aliyekuwa akijua kikohozi chako kutoka upande wa pili wa shamba. Alikuwa anajua kwa unavyofungua geti kama umefaulu au umefeli. Alisikiliza, jicho moja limefungwa bandeji, na chini ya shuka akanifinya mkono kwa nguvu ili nisifungue mdomo.

Akasema, “Hapana, mwanangu. Sauti hiyo siijui.”

Tuma nyingine, mdogo wangu. Tuma ambayo ataijua.

Mungu akuangalie huko uliko, akushike mdomo kabla hajakushika mkono, na akurudishe kwetu ukiwa mtu wa watu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Atuganile